TB ya utumbo ni nini?

TB ya utumbo ni kifua kikuu kilichoshambulia matumbo. Mara nyingi bakteria ni wale wale wa mapafuni. Hufika huko mgonjwa wa mapafu anapomeza makohozi yake, au kwa kusafiri kwenye damu, au kupitia maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye TB. Mara nyingi hukaa pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu, jirani na kidole tumbo.

Tumbo huuma kwa wiki au miezi, mtu hukonda, hupata homa za jioni na jasho la usiku, huharisha au hukosa choo. Hapo hutibiwa taifodi, kisha amiba, kisha vidonda vya tumbo. Kwa kuwa hakohoi, TB haitajwi. Hata picha ya kifua inaweza kutoka safi, na hiyo haimaanishi tumbo nalo ni salama.

Kipimo chenye uzito ni kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Daktari huangalia vidonda na sehemu zilizobana, kisha hunyofoa vipande vidogo vya nyama vya kupimwa kwa hadubini, kwa GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB) na kwa kuotesha bakteria maabara, kazi ya wiki kadhaa. Shida ni kwamba bakteria tumboni huwa wachache, hivyo majibu yanaweza kusema hakuna TB na kumbe ipo. Halafu kuna ugonjwa wa Crohn, ambao kinga ya mwili huvimbisha utumbo, nao unafanana mno na TB hii. Huo hutibiwa kwa dawa za kushusha kinga, kama prednisoloni, ambazo mwenye TB akipewa bila dawa za TB ugonjwa unaweza kusambaa. Ndiyo maana penye TB nyingi, daktari akibaki na shaka, mara nyingi huanza na dawa za TB, kisha hurudia kamera baada ya miezi michache kuona kama vidonda vimefunga. Kwangu huo ni uamuzi wa busara, si kubahatisha.

Tiba ya kawaida ni miezi 6: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha mbili za kwanza kwa miezi 4. Tanzania na Kenya dawa hizi hutolewa bure katika vituo vya umma. Kipimo cha VVU hufanywa pia. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu. Macho yakiwa ya manjano, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Upasuaji ni wa utumbo ulioziba au kutoboka. Kidonda kinapopona huacha kovu, na kovu linaweza kubana njia, kwa hiyo anayeanza kutapika na kuvimba tumbo akiwa katikati ya dozi asidhani ni vidonge vimemkataa.