Uhuru haukufuta mipaka ya wakoloni

Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru wa Kongo, ikikaribia hapa Lubumbashi, hakosekani mtu wa kusema uhuru ulifuta mipaka ya wakoloni. Haukufuta. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilijitawala, bendera zikabadilika, mipaka karibu yote ikabaki palepale. Julai 1964, viongozi wa OUA, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikubaliana Cairo kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Moroko zilikataa.

Viongozi hao walikuwa wamekwisha kuiona Katanga, jimbo letu la kusini mwa Kongo lililojitenga. Wapo wazee wanaoapa kwamba Katanga iliwahi kuwa nchi kamili, na ukiitazama kwa juu utawaamini: Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo, aliitangaza kuwa huru tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, mji mkuu ukiwa huu huu wetu, enzi hizo Élisabethville. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, pesa zake, stempu zake, jeshi lenye maofisa wa Kibelgiji na mamluki. Kodi ya Union Minière, kampuni kubwa ya madini, iliingia kwake, si serikali kuu ya Léopoldville (Kinshasa ya leo). Ila hakuna serikali iliyoitambua rasmi, hata ile ya Ubelgiji iliyoibeba mgongoni. Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa wakaimaliza.

Halafu kuna hii ya mkutano wa Berlin, eti mwaka 1885 Wazungu waliigawa Afrika yote kwa rula mezani. Mkutano ule ulihusu zaidi kanuni za biashara bonde la Kongo na za kutwaa pwani. Mipaka mingi ilikatwa baadaye, nchi mbili mbili. Wetu na Zambia unatokana na mapatano ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, na Waingereza ya Mei 1894, yaliyotuachia ile pembe ya Sakania iliyochomoza ndani ya Zambia. Hadi leo Mzambia wa Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba, anayetaka kukata njia kwenda Mansa, mji wa kaskazini mwa Zambia, huingia kwetu Mokambo, kisha hurudi kwao kwa daraja la Chembe, juu ya Luapula.

Lakini anayesema hakuna kilichobadilika naye anakosea. Mwaka 1961 Kameruni ya Waingereza ilipiga kura: kaskazini ikaenda Nijeria, kusini Kameruni. Ruanda-Urundi ikazaa nchi mbili 1962, Tanganyika na Zanzibar zikaungana 1964. Eritrea ilipojitenga 1993, ilifuata mipaka ya koloni la Italia. Sudan Kusini nayo, 2011, ilifuata mstari wa tarehe 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru.