Mto Usio na Wadudu Ndio wa Kutiliwa Shaka

Kila tunapokung'uta wavu kwenye sinia jeupe kando ya mto ili kupima hali yake kwa viumbe waliomo, hakosi mtu wa kuchungulia na kutoa hukumu: maji haya ni machafu, yana wadudu. Nimelisikia neno hilo kwa wanakijiji, kwa madiwani na, jambo linaloniudhi zaidi, kwa wahandisi wa maji wenye shahada zao.

Mto wenye afya huwa na wadudu. Nikigeuza mawe palipo na mkondo wa kasi nikakosa hata kiumbe mmoja, hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Cha kuuliza ni wadudu gani waliomo. Nimfu, yaani wadudu wachanga wa majini ambao bado hawajaota mabawa, wa familia za Perlidae na Heptageniidae huhitaji oksijeni nyingi, hivyo hutoweka mapema majitaka yanapoingia. Minyoo wa Oligochaeta hubaki na kuongezeka, pamoja na lava wa Chironomidae, familia ya vijinzi wanaofanana na mbu, ambao baadhi yao ni wekundu kwa hemoglobini inayowawezesha kuishi palipo na oksijeni haba. Mfumo wa SASS5 wa Afrika Kusini wa kupima mito kwa viumbe hawa, ambao mfumo wa Tanzania wa TARISS ulijengwa juu yake, huwapa Heptageniidae alama 13, Perlidae 12, Chironomidae 2 na Oligochaeta 1. Alama hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana ili kupata wastani. Kila kundi huhesabiwa mara moja tu: lava mia wa Chironomidae bado ni alama 2.

Ugumu huanza pale msikilizaji anaposhawishika kupita kiasi. Akishaambiwa kwamba Perlidae ni dalili njema, huuliza kama basi maji hayo yanafaa kunywewa, na hapo huwa naishiwa subira. Vimelea vya kipindupindu vinaweza kuingia mtoni kwa kinyesi cha mgonjwa mmoja bila kumdhuru nimfu yeyote. Usubi nao, ambao ni kero kubwa huko Mahenge, Tanzania, huzaliana katika maji yaendayo kasi yenye oksijeni ya kutosha. Wanaeneza ugonjwa unaopofusha watu, lakini SASS5 inawapa alama 5, zaidi ya Chironomidae ambao hawamuumi mtu. Mfumo huu hupima hali ya mto kama makazi ya viumbe. Anayetaka kujua kama maji yanafaa kunywewa apeleke chupa maabara kupimwa bakteria, wala asidhani kwamba chupa hiyo itamweleza kuhusu taka zilizomwagwa usiku wiki iliyopita. Hizo tayari zimepita, ilhali nimfu walikuwepo zilipopita.

Nikiri pia yanayonikosesha raha. Baetidae, jamaa wa Heptageniidae, wakiwa wa aina moja hupata alama 4, wa aina mbili 6, na wakizidi aina mbili hurukia 12, nasi tunatakiwa kuzitenganisha aina hizo kwa macho matupu, sinia likiwa juani na viumbe wakikimbizana. Watu wawili wenye uzoefu wanaweza kutofautiana, na tofauti yao ikaonekana katika ripoti kana kwamba mto umeharibika. Aidha, familia moja hubeba spishi nyingi zisizostahimili uchafuzi kwa kiwango kimoja, na sina hakika kwamba alama zilizowekwa kwa mito ya Afrika Kusini zinawafaa kila mara jamaa zao wa mito yetu ya joto.

Kisha kuna makazi. Kijito kinachoshuka Uluguru kina mawe na mkondo. Ruvu ikifika tambarare ina matope na maji ya polepole, na hata bila uchafuzi wowote haiwezi kupata wastani wa kijito cha mlimani. Anayeweka namba hizo mbili kwenye jedwali moja na kutangaza mshindi anawaonea watu wa bondeni. Mimi hulinganisha kituo kilicho juu ya chanzo cha uchafuzi na kilicho chini yake, katika mto uleule, kwa makazi yanayofanana. Mafuriko ya masika yanapokuwa yametoka kusukuma mawe na kusomba wadudu, mimi huacha wavu nyumbani hadi mto utulie na wadudu warudi.