Maji mafu: jina linatisha ila ndo maji ya kuzamia

Juzi dogo mmoja wa hapa Moshi kanitumia skrinshoti, kapteni wa boti kule Tanga kamwandikia "wiki hii bamvua kaka, subirini maji mafu ndo mje", sasa yeye na wenzake watatu walishachanga hela ya kwenda kuzamia na mitungi ya hewa, akaniuliza bro huyu jamaa yuko siriasi kweli, anatuambia tusubiri maji mafu, si ndo yale yanaua watu? Nikacheka kwanza. Ila hata mimi mara ya kwanza nilielewa hivyohivyo, sisi tuliokulia huku mlimani bahari tunaijua ya picha na ya likizo ya Desemba.

Maji mafu ni zile siku ambazo bahari inajaa kidogo na kupwa kidogo. Basi. Ufu wenyewe ni wa uvivu tu, maji hayapandi sana ufukweni na hayarudi sana nyuma, hayana haraka. Bamvua ndo kinyume chake, maji yanajaa mpaka yanakaribia minazi halafu yakipwa unaona akina mama wanatembea kwa miguu mbali huko wanaokota pweza, sehemu ambayo alfajiri boti ilipita. Kwa hiyo ukisikia mtu wa pwani anasema maji mafu ujue anakupa habari njema.

Sababu iko juu angani. Mwezi unavuta maji na jua nalo linavuta, ila jua pamoja na ukubwa wake wote mvuto wake kwenye kujaa na kupwa ni karibu nusu tu ya ule wa mwezi kwa sababu liko mbali mno. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi vinakaa mstari mmoja, mivuto inajumlishwa, hapo unapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu kila mmoja anavuta upande wake, wanapunguziana nguvu, hapo unapata maji mafu. Na haitokei siku ileile, huwa inachelewa siku moja au mbili, ndo maana wavuvi wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu, tarehe 8 mpaka 10 hivi na tena 22 mpaka 24 ndo mafu yenyewe. Kapteni wa dogo wala hakuangalia simu, aliangalia juu.

Sasa mzamiaji haumizwi na urefu wa maji, anaumizwa na mwendo wake, na hapa ndo watu wengi wanaachia njiani. Maji yanachukua kama saa sita na dakika kadhaa kutoka kujaa mpaka kupwa, iwe bamvua iwe mafu. Muda ni uleule, mzigo ndo tofauti. Tuchukue siku ya bamvua maji yanashuka mita 3.6 (pwani yetu hiyo ni kawaida) na siku ya mafu yanashuka mita 1.2. Mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria, wanagawa mzigo wote mafungu 12, saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo siku ya bamvua saa ya tatu peke yake bahari inashuka sentimita 90, siku ya mafu saa hiyohiyo ni 30 tu. Halafu maji yote hayo yapite kwenye mlango mwembamba kati ya miamba miwili, ni kama stendi siku ya tarehe 23 Desemba watu wote wanataka mlango mmoja wa basi. Na mkondo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu ya kukusukuma inaongezeka mara nne, sio mara mbili, kwa hiyo usijipe moyo kwamba una miguu ya kupanda Kibo. Mkondo wa nodi 1 tu ni kama mita 30 kwa dakika, mzamiaji wa kawaida akiwa na mtungi na jaketi la kuelea hapo anapiga mapezi mpaka mapaja yanawaka na bado yuko palepale, na hewa anaimaliza.

Bado kuna suala la kuona, na hili ukiwa mtu wa Kilimanjaro utalielewa haraka kuliko mtu wa Dar. Kumbuka mfongo wa kwa babu, ule mfereji wa kumwagilia. Ukifungua maji kwa nguvu yanakuja ya kahawia, yanabeba udongo na majani, ukiyapunguza yakaenda taratibu udongo unatua chini na maji yanaanza kuwa meupe. Baharini ni vilevile, bamvua inakoroga mchanga na tope la kwenye mikoko, mafu yanaliacha litulie. Halafu kuna upande wa kuelekea pia. Maji yakiwa yanajaa yanatoka bahari kuu, masafi, yakiwa yanapwa yanatoka kwenye mikoko na milango ya mito yanakuja na uchafu wote. Sehemu moja asubuhi unaona mita 15, mchana huoni mkono wako.

Na tukiwa hapohapo, Mto Pangani unaanza kwetu, maji ya Meru na Kilimanjaro yanashuka kwa Kikuletwa na Ruvu yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu ndo yanaendelea mpaka baharini. Dogo akaniuliza kwa hiyo lile tope la Pangani ni la kwetu? Kidogo. La kwetu jingi linatua bwawani, lile unaloliona mdomoni mwa mto masika ni zaidi la huko chini.

Mi nilivyokuja kuuelewa mkondo sio kwa kusoma. Tulishuka mita 12 hivi, maji yameshaanza kupwa, tulichelewa kwa sababu injini ilisumbua, tukasema tuingie hivyohivyo. Kuona ilikuwa kama mita 2, rangi ya chai ya maziwa. Nikawasha tochi, ikawa mbaya zaidi, ni kama kuwasha taa ful za gari kwenye ukungu wa Marangu, mwanga wote unakurudia usoni, nikaishusha pembeni kidogo ndo nikaanza kuona. Nikawa natulia kabisa, kimya, sihisi chochote, nikajua hakuna mkondo. Halafu nikashika kamba ya nanga. Mkono ulinyooka, mwili ukalala kama bendera, kamba inatetemeka mkononi. Kumbe muda wote kabla ya hapo nilikuwa nabebwa.

Hapo ndo penyewe. Ukiwa ndani ya mkondo huuhisi, unaenda nao, ni kama uko kwenye basi la usiku mapazia yamefungwa barabara nzuri, hujui kama mko Same au Mombo. Maji yakiwa meupe unaona chini kunakimbia, unashtuka. Maji yakichafuka pazia limefungwa. Kwa hiyo kuona vibaya na mkondo usiyachukulie kama matatizo mawili, la kwanza linakuficha la pili. Dawa ni kuwa na kitu cha kulinganisha: kamba, mwamba, nyasi za chini zimelalia upande gani, na samaki, samaki wakiwa kwenye mkondo karibu wote wanaangalia upande mmoja, kule maji yanakotoka. Ukishajua upande, anza kwa kwenda dhidi ya mkondo ukiwa bado na hewa nyingi, urudi nao ukiwa umechoka.

Mengine ni ya kawaida ila nayataja maana watu wanayapuuza. Mkae karibu mpaka mnagusana, usipige mapezi karibu na chini maana unalikoroga mwenyewe. Ukichanganyikiwa juu ni wapi angalia mapovu yako, yanapanda siku zote. Ukimpoteza mwenzako mtafute dakika moja tu, halafu panda taratibu mkutane juu, usianze kuzunguka nusu saa kama unatafuta kuku aliyepotea. Na mkondo ukikushinda usishindane nao, panda kwa utaratibu, ukifika juu jaza jaketi, toa boya lako lionekane, boti ikufuate. Mwenye boti hawezi kufuata mapovu ya mtu kwenye maji ya kahawia yenye mawimbi.

Kuna kitu cha watu wa huku juu pekee. Ukitoka kuzamia usipande basi jioni ileile kurudi Arusha. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kwa mwili uliojaa naitrojeni (gesi ya kwenye hewa ya mtungi, ukipanda juu mapema inatoa mapovu mwilini) huko ni kama kupanda ndege kidogo. Muda unaoshauriwa kusubiri ni masaa 12 ukizamia mara moja, 18 ukizamia mara kadhaa. Lala pwani, kula samaki. Wale wanaounganisha kuzamia na kupanda mlima, anzeni na mlima.

Nikarudi kwa dogo. Kumbe likizo yake haisogei, inaangukia palepale mwezi mpevu. Nikamwambia ungeenda wiki ya mafu ungebahatika mara mbili, maana pwani yetu siku za mafu maji yanajaa mida ya saa nne, saa tano asubuhi, yaani boti ziko nje, maji masafi yameingia na hayana nguvu. Siku za bamvua yanajaa mida ya saa kumi jioni, na saa nne asubuhi ambapo kila mtu anataka kuzamia ndo yamekupwa, machafu. Kwa hiyo kama lazima uende, ingia maji yanapomalizia kujaa, saa tisa na nusu hivi, kaa humo mpaka yasimame, toka kabla hayajaanza kurudi, na hapo muachie kapteni, maana kwenye milango mingine maji yanasimama kwa kuchelewa kidogo.

Akanijibu saa tisa boti nyingi si zinakuwa zimesharudi? Zimerudi ndiyo. Nikamwambia basi mpigie kapteni leo, umuulize mafuta ya jioni ni shilingi ngapi.