Kabla hamjachora bango la kanisa, someni kwanza kisa cha hilo jina

Tangu mwongozo mpya wa majina ya sharika na mitaa yake (matawi ya usharika) uanze kutumika, dawati letu la lugha za Biblia linapokea malalamiko kila wiki, watu wanauliza kwa nini jina waliloomba limerudishwa bila kibali wakati maana yake ni nzuri. Nia yenu tunaijua ni njema kabisa. Ila jamani, hiyo maana mmeitoa wapi? Mara nyingi ni ile orodha inayofowadiwa kwenye magrupu ya WhatsApp, jina upande huu, maneno mawili upande ule, basi, baraza linapitisha.

Kwenye Agano la Kale majina mengi ya mahali yanaelezwa na tukio lililotokea pale. Chukueni Ebenezeri. Jiwe la msaada, sawa, hapo hakuna anayebisha, lakini fungua 1 Samweli 4 uone: Israeli wamepiga kambi Ebenezeri, Wafilisti wako Afeki, wanauawa kama watu 4,000, wanakimbilia kulileta sanduku la agano kutoka Shilo wakidhani ndo litawaokoa, wanapigwa tena, wanakufa 30,000 na sanduku lenyewe linatekwa. Na jina ni hilohilo! Ni mpaka sura ya 7, miaka 20 imepita, watu wameshaondoa Mabaali na Maashtorethi, miungu ya Wakanaani, wamefunga na kukiri dhambi, ndipo Samweli anasimamisha jiwe kati ya Mispa na Sheni na kusema hata sasa Bwana ametusaidia. Kwa hiyo msaada wa Ebenezeri ulipitia kwenye toba, na mtaa unaoruka sura ya 4 unachukua nusu tu ya jina.

Rehobothi nayo hivyohivyo. Mwanzo 26, watumishi wa Isaka wanachimba kisima bondeni Gerari, wachungaji wa pale wanasema maji ni yetu, Isaka anakiita Eseki, ugomvi. Wanachimba kingine, kinagombaniwa pia, anakiita Sitna, uadui. Halafu anahama. Anaacha visima viwili vyenye maji, anakwenda kuchimba cha tatu, na hicho hakuna aliyekigombania, ndo kikaitwa Rehobothi, nafasi. Sasa kundi lina kesi ya kiwanja na wenzao wa usharika mmoja halafu linaomba kuitwa Rehobothi, hapo faili tunalirudisha na tutaendelea kulirudisha.

Wengine wanalikataa bonde la Akori eti ni jina la mkosi kwa sababu Akani, yule aliyeiba nyara za Yeriko zilizokatazwa, alipigwa mawe pale, Yoshua 7. Kweli Akori ni taabu. Lakini Hosea 2:15 Mungu anasema atalifanya bonde hilohilo kuwa mlango wa tumaini. Na Betheli, nyumba ya Mungu, jina alilolitoa Yakobo mahali palipokuwa pakiitwa Luzu, huyohuyo Hosea anapaita Beth-aveni, nyumba ya uovu, kwa sababu ya ndama waliyekuwa wanamwabudu pale. Jina zuri halimlindi mtu aliyeacha alichoitiwa, na hili tumelieleza kwenye semina mpaka tumechoka.

Yerusalemu kuitwa mji wa amani, andikeni kwa tahadhari. Waebrania 7:2 inaeleza Salemu, jina linalohusishwa na Yerusalemu, kuwa amani, sawa, ila jina la mji ni la zamani kuliko Daudi, barua za Amarna, vibao vya udongo vya karne ya 14 kabla ya Kristo vilivyopatikana Misri, zinauita Urusalim, na wataalamu wengi wanaona ndani yake jina la Shalimu, mungu wa Wakanaani.

Sasa utaratibu. Barua ya ombi iandikwe na katibu wa mtaa, isainiwe na mwenyekiti wa baraza la wazee, iambatane na muhtasari wa kikao kilichopitisha jina pamoja na orodha ya waliohudhuria na saini zao, halafu maelezo ya ukurasa mmoja yenye aya zote jina linapotajwa, siyo ile moja mnayoipenda. Nakala mbili, moja inabaki kwa mchungaji. Faili pungufu linarudi bila kujadiliwa na linasubiri kikao cha robo mwaka inayofuata. Bango lililowekwa kabla ya kibali linashushwa kwa gharama za mtaa wenyewe. Mhuri uliochongwa kwa jina ambalo halijaidhinishwa unakabidhiwa ofisini, na hati yoyote iliyogongwa mhuri huo, hata cheti cha ubatizo, haipokelewi mpaka iandikwe upya.

Na kama jina lina maelezo mawili, andikeni yote mawili. Beer-sheba kwa mfano, Mwanzo 21 ina kondoo saba na kiapo cha Abrahamu na Abimeleki, na kwa Kiebrania saba na kuapa yanatoka shina moja, halafu Mwanzo 26 Isaka naye anaapishana na Abimeleki na jina linaelezwa upya. Mkileta sura moja tu, faili litarudi.