"Nikomboe hela yangu kwanza": maswali kuhusu poka na ubongo

Wanaokuja kliniki yetu ya afya ya akili kwa sababu ya kamari huja wamechelewa. Pikipiki imeshauzwa, ada ya mtoto imeliwa, na mke kapata habari kutoka kwa mdai, si kwa mumewe. Wengi ni watu wa mikeka. Wacheza poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, wa kasino na wa kwenye simu, wana lao: wanaapa kwamba wao hawachezi kamari. Haya ndiyo wanayoniuliza, wao na ndugu zao.

Nikicheza poka, kichwani kunatokea nini?

Pande mbili zinavutana. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inahesabu, inapima hatari na kukuzuia. Ndani zaidi kuna striatamu, inayopokea dopamini, kemikali inayomsukuma mtu kutafuta tuzo. Watu hudhani dopamini inasubiri ushinde. Sivyo. Majaribio kwa nyani yameonyesha seli zake huchangamka hata kabla tuzo haijafika, hasa pale uwezekano wa kuipata ni nusu kwa nusu. Yaani ile dakika ya kungoja karata ifunuliwe ndiyo inayokunasa.

Na kumtishia mpinzani kwa karata mbovu?

Hapo linaingia eneo la juu ya sikio, kuelekea kisogoni, tunalotumia kukisia mwenzetu anawaza nini. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwapiga watu picha za ubongo wakicheza poka iliyorahisishwa, wakaona eneo hilo linasaidia kutabiri kama mtu atatishia, hasa anapocheza na binadamu badala ya kompyuta. Inavutia, lakini sijapata mgonjwa aliyefilisiwa na eneo hilo. Tuendelee.

Mbona nikikosa karata moja tu napata hamu zaidi?

Una kopa nne, unangoja ya tano ili ushinde, na mezani zimebaki karata mbili za kufunuliwa. Uwezekano wa kuipata ni kama asilimia 35. Inafunuliwa uru, halafu shupaza. Umepoteza, kama aliyekuwa na takataka mkononi tangu mwanzo. Lakini ubongo hauhesabu hivyo. Luke Clark na wenzake wa Cambridge walionyesha mwaka 2009, kwa mchezo wa mashine, kwamba kukosa padogo huamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu akishinda, na hamu ya kuendelea hupanda. Hukukaribia kushinda, ndugu yangu. Umeliwa.

Nikikomboa hela yangu nitaacha. Kuna ubaya gani?

Ubaya wote uko hapo. Karibu kila mgonjwa wangu ameitamka sentensi hiyo, na karibu kila mmoja aliitamka tena baada ya kukopa. Kufukuzia hela iliyoliwa ni dalili ya ugonjwa. Si mpango wa kuumaliza. Ukishaliwa, hasira na hofu hupanda, ile sehemu ya mbele inalegea, na unaweka dau ambalo asubuhi usingeligusa. Ongeza bia na usiku wa manane, breki hazipo kabisa.

Hata kama nimebakiza kidogo tu kukomboa?

Hata hivyo. Hela iliyoliwa imeliwa. Usiikomboe. Njoo na deni lako kama lilivyo.

Lakini poka ni mchezo wa akili, si bahati.

Akili ina nafasi yake, ndiyo, ukihesabu maelfu ya michezo. Usiku mmoja bahati ndiyo hutawala: hata mwenye ree mbili, karata bora za kuanzia, hushindwa na mwenye wafalme wawili karibu mara moja katika tano. Na kasino inachukua chake, ushinde usishinde. Ninaowaona mimi si wajinga, wengine ni wahasibu. Walikuwa na akili ya kuhesabu, ila hawakuweza kusimama.

Huu ni ugonjwa au ni tabia mbaya tu? Mama yangu anasema nimerogwa.

Ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, katika kundi la uraibu. Mama mwambie kwa heshima kwamba miezi inayopotelea kwa mganga ndiyo miezi deni linakua.

Nije lini?

Siku ya kwanza uliyodanganya kuhusu hela au muda wa kucheza. Usingoje deni liishe, wala usingoje ukomboe. (Nimesharudia, najua. Nitarudia hadi msikie.)

Na ninyi ndugu zake: mgonjwa akisema afadhali afe, au ameanza kuaga watu na kugawa vitu vyake, hakuna kungoja kliniki ifunguliwe. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na asiachwe peke yake njiani.

Mtamtibu vipi?

Kwa mazungumzo ya wiki kwa wiki, tukizivunja zile hesabu za uongo kichwani na kupanga saa ambazo hamu humjia. Baadhi husaidiwa pia na dawa. Pombe nayo inapunguzwa au inaachwa.

Mimi ni dada yake. Nimlipie deni la kausha damu ili atulie?

Usimpe fedha mkononi, dada yangu, hata akilia. Akiwa nazo mkononi, atazipeleka kukomboa. Kama mmeamua kulipa, mlipeni mdai moja kwa moja, mchukue stakabadhi, na mshahara wake upitie kwa mtu mwingine kwa muda. Namba ya siri ya akaunti ya simu ibadilishwe akiwepo na akikubali. Kisha umlete kliniki wiki hiyohiyo.