R26.2 sio jina la ugonjwa jamani

Juzi kwenye grupu la familia dada mmoja, mtoto wa shangazi, kaandika "mama kakutwa na R26.2, tuzidi kumuombea". Grupu likajaa pole, Mungu atafanya wepesi, mjomba wa Mbagala akauliza kama inaambukiza. Mimi kazi yangu ni kumbukumbu za wagonjwa na madai ya bima, hospitali gani tuiache, na hii kauli ya "kakutwa na R fulani" nimeisikia mapokezi, nimeisikia foleni ya dawa, nimeisikia mpaka kwa intern anayejua vizuri tu ila kachoka. Ngoja leo nimalizane nayo.

Kwa kifupi: daktari anaandika kwenye faili, alafu maandishi yake yanageuzwa kuwa namba toka kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya afya inayosimamiwa na WHO, inaitwa ICD, mimi naongelea toleo la 10. R26 ni mwendo usio wa kawaida. R26.2 ni ugumu wa kutembea usioainishwa kwingineko. Bima wanasoma namba, watu wa takwimu wanasoma namba. Basi, maana ndo hiyo.

Sasa hiyo namba mtaani kwetu inaitwa kodi, toka code ya Kiingereza, na balaa linaanzia hapo, mana Dar ukimwambia mtu "kodi yako haijakaa sawa" anamuwaza mwenye nyumba. Kuna mzee dirisha la bima aliambiwa hivyo akatoa pochi akauliza "kiasi gani?" Wakati neno msimbo lipo, halina kazi, tumeliacha kwenye kamusi. Na hiyo kodi ya kuazima asili yake ni Kilatini, codex, na nyuma yake caudex, yaani gogo la mti, kwasababu Warumi waliandika kwenye vibao vya mbao vilivyopakwa nta, vibao vikafungwa pamoja vikawa kitabu, kitabu cha sheria kikabeba jina, alama na namba zimekuja baadae sana. Kwahiyo mgonjwa anakuja na magongo anaondoka na gogo. Nilicheka peke yangu ofisini.

Na R haisimami badala ya neno lolote! Kuna mtu alinibishia kwamba M ni mifupa, na kweli magonjwa ya mifupa, viungo na misuli yamekaa M, ila ni bahati tu, herufi zinafuata mpangilio wa sura, A na B maambukizi, G mishipa ya fahamu, I moyo na mzunguko wa damu, zinashuka hivyohivyo mpaka R ambayo ni sura ya dalili. Dalili, sio magonjwa. Orodha yenyewe ilizaliwa kuhesabu waliokufa, Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893 ikiwa ni orodha ya sababu za vifo, wagonjwa walio hai wakaja kuingizwa toleo la 6, mwaka 1948, WHO walipoichukua. Mtu hafi kwa kuchechemea. Anachechemea kwasababu ya kitu, na hicho kitu ndo kina namba yake huko kwingine.

Ambako ndo tunafika kwenye kinachoniuma hasa, hilo neno "kwingineko". Kitabuni linafupishwa NEC, not elsewhere classified (sio ya uchaguzi, tulieni), na lina ndugu yake NOS, not otherwise specified, na watu wanayachanganya kila siku kama chumvi na sukari ya dukani, zote nyeupe. NOS maana yake haijabainishwa: daktari hakuandika zaidi ya hapo, upungufu uko kwenye faili. NEC ni kitabu kinakuonya, kwamba tatizo la aina hii lina makasha mengine, katafute huko kwanza kabla hujanitumia mimi. Goti limesagika? Nenda M17. Kapooza upande mmoja? G81. Kavunjika shingo ya paja? S72.0. Anapepesuka kama mlevi na hajanywa? Hiyo ni R26.0, mlango wa jirani kabisa. Ana kawaida ya kuanguka anguka? R29.6. Ukizunguka kote ukakosa, sawa, rudi R26.2, na siku ya kwanza kabla vipimo havijatoka ni namba ya uaminifu kabisa, siibezi. Nachokataa ni mgonjwa anayehudhuria huu mwezi wake wa sita bado yuko R26.2 na daktari anaomba kipimo kikubwa kwa namba hiyohiyo, madai yanarudi na maswali, alafu anayelaumiwa ni mimi wa dirishani.

Na kinachonishangaza, lugha yetu inajua kutofautisha miendo kuliko hayo mafaili. Mtu anachechemea, anaburuta mguu, anayumba, anapepesuka, anaenda chopi, anatembea kwa kushika ukuta, bibi yeyote wa Tandika anakuelezea jirani yake anavyotembea mpaka unamuona. Mgonjwa anaingia chumba cha daktari anasema "mguu wa kulia nauburuta tangu mfungo, ngazi siwezi", kwenye faili inaandikwa "shida ya kutembea". Kila kitu kimepotea hapo, mguu gani, tangu lini, anatumia nini kutembea, anafika wapi kabla hajapumzika. Mimi siruhusiwi kubuni, nikisoma shida ya kutembea natoa namba ya shida ya kutembea, hata kama namuona kwa macho yangu pale benchi kwamba upande mmoja wote umelegea.

Nikamjibu dada pale pale kwenye grupu, kwa upole mana ni mkubwa kwangu. Dada, shangazi hajakutwa na kitu bado, hiyo namba inasema tu kwamba anatembea kwa shida, na hilo tulilijua toka alipoteleza bafuni. Mkirudi Jumatatu mwambieni daktari ni mguu gani, ni tangu siku ile au kabla, na kwamba sasa anashika ukuta mpaka jikoni, alafu muulize kwanini. Mjomba, haiambukizi.