Elizabeth Fry na kanuni 12 za jela ya Newgate

Michoro mingi ya Elizabeth Fry inamwonyesha ameshika Biblia, kofia nyeupe kichwani, wafungwa wamemzunguka. Si ya uongo, maana kweli aliwasomea Biblia mara nyingi. Lakini inaficha sehemu kubwa ya kazi yake, nayo ilikuwa ya sindano, uzi, vikundi, nyapara na soko la soksi. Hapo ndipo nataka tukae.

Alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1780, katika ukoo wa Gurney, wenye benki na waumini wa Waquaker, dhehebu la Kikristo. Mwaka 1800 aliolewa na Joseph Fry wa London, wakajaliwa watoto 11. Mwaka 1811 Marafiki, kama Waquaker wanavyojiita, walimtambua rasmi kuwa mhubiri. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Makanisa mengi ya wakati ule hayakumpa mwanamke nafasi ya kusema ibadani, ilhali yeye alishazoea kusimama na kuzungumza mbele ya wanaume. Kamati ya Bunge ilipomwita kutoa ushahidi Februari 1818, alikwenda na ulimi uliokwisha kunolewa.

Mara ya kwanza kuingia Newgate, jela ya London, ilikuwa 1813, baada ya Stephen Grellet, Rafiki mwenzake, kumweleza aliyoyaona humo. Alipeleka nguo za flana za watoto wachanga. Miaka mitatu na ushei ikapita kabla hajaanza kazi ya kudumu, na aliporudi aliikuta hali ile ile: wanawake karibu 300 pamoja na watoto wao, wamebanwa katika eneo la yadi za mraba 190 hivi, mahabusu na waliohukumiwa kunyongwa pamoja, wakilala sakafuni, chini ya mlinzi mmoja mwanamume na mwanawe.  Safari hii alikuja na mpango.

Alianza na watoto, si na wafungwa. Aliwauliza akina mama kama wangependa watoto wao wasome, wakakubali, wakamchagua mwalimu kutoka miongoni mwao: Mary Connor, aliyefungwa kwa wizi wa saa. Wakubwa wa jela hawakuamini kwamba jambo hilo lingefaulu, ila walitoa chumba kimoja kilichokuwa hakitumiki. Punde wanawake wenyewe wakaanza kuomba wafundishwe kusoma na kushona. Ombi lilitoka kwao, na nionavyo mimi huo ndio msingi wa yote yaliyofuata.

Aprili 1817 aliunda chama cha wanawake 12, Waquaker 11 na mke wa mchungaji mmoja. Wakaajiri matroni, yaani msimamizi mwanamke, wa kukaa na wafungwa, kisha wakaandika kanuni 12: kila mmoja awe na kazi ya mikono, pasiwe na kuomba omba, kutukana, kamari wala karata, wagawanywe vikundi visivyozidi watu 12, kila kikundi na nyapara wake, kengele ya saa tatu asubuhi iwaite kusikiliza Biblia kabla ya kazi. Kanuni zilisomwa moja baada ya nyingine na wafungwa wakapiga kura kwa kuinua mikono. Chama hakikuwa na mamlaka yoyote ya kisheria humo ndani. Bila mikono ile, kanuni zingebaki karatasi tu.

Kazi bila mnunuzi ingekufa mapema. Fry alimfuata mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka nguo katika koloni la wafungwa huko New South Wales, Australia, akamwambia waziwazi kwamba anaomba sehemu ya biashara yake. Akakubaliwa. Katika miezi kumi wanawake walitengeneza karibu vitu 20,000.

Udhaifu wa mfumo huu ulikuwa kutegemea hisani. Sheria ya Magereza ya 1823 iliagiza wanawake walindwe na wanawake, lakini haikuweka wakaguzi wa serikali, ambao walikuja 1835 tu, na magereza mengi ya miji midogo na ya wadaiwa hayakuguswa. Wakaguzi walipokuja, waliikosoa hata Newgate yenyewe: wageni waliofurika kusikiliza usomaji wa Fry waligeuza ibada kuwa mahali pa kutazama watu. Naona walisema kweli. Hata hivyo, yeye naye alikuwa sahihi alipopinga gurudumu la kukanyaga (adhabu ya kulizungusha kwa miguu), seli za giza na kifungo cha upweke, mambo ambayo wataalamu wa siku zile waliyaona ya kisasa.

Upande wa meli ndio unaonivutia zaidi. Kabla ya 1818, wanawake waliohamishiwa Australia walipelekwa bandarini kwa magari ya wazi huku umati ukiwarushia matope, na usiku wa kuamkia safari walivunja madirisha na samani kwa hasira. Fry alimshawishi mkuu wa jela atumie magari yaliyofungwa, naye akawasindikiza hadi kwenye meli Maria. Baadaye kila msafiri alipewa mfuko wenye sindano 100, pini, nyuzi za rangi, subana, mkasi, aproni na ratili mbili za viraka vya kitambaa. Safari ilichukua miezi, na asiye na kazi ya mikono hugombana. Zaidi ya hapo, mfarishi uliokamilika, yaani shuka nzito ya viraka vilivyoshonwa pamoja, uliweza kuuzwa njiani au kule waendako, mwanamke akashuka na senti mkononi badala ya kushuka na njaa.

Kutokana na viraka hivyo, wanawake wa meli Rajah iliyofika Hobart, Australia, Julai 1841 walishona mfarishi mmoja wa vipande 2,815, wakadarizi juu yake maneno ya kulishukuru kundi la akina mama lililowapa viraka. Uko Canberra, katika jumba la taifa la sanaa. Mishono mingine imenyooka, mingine imeyumba, kazi ya mikono iliyokuwa bado inajifunza.